Nina miaka 41, sijawahi kushika bunduki. Naanzia wapi kuwinda kulungu hapa Pennsylvania?

BabaSalma_Erie

Assalaam alaykum, na salamu kwa wote.

Mimi ni mzaliwa wa Ujiji, Kigoma. Huu ni mwaka wangu wa sita hapa Erie. Nafanya kazi kiwanda cha plastiki, zamu ya usiku, nina mke na watoto watatu. Jambo hili ninalo moyoni tangu Desemba na msikitini sijapata wa kumuuliza, ndiyo maana naliweka hapa.

Mzee mmoja Mmarekani tunayesimama naye mashine moja aliniletea paja zima la kulungu, limegandishwa. Kabla ya kunipa aliniuliza kama dini yangu inaniruhusu. Nilimwambia sijui. Mwishowe sikula, nikampa jirani yangu Mkongo. Lakini yale aliyonisimulia hayakunitoka. Amelea watoto wanne, na kila majira ya baridi friji yake ina nyama aliyoitafuta mwenyewe msituni. Alifundishwa na baba yake, na baba yake na babu.

Mimi baba yangu alikuwa mvuvi. Najua wavu, najua karabai, najua usiku wa kuingia ziwani na usiku wa kulala nyumbani kwa sababu mwezi umejaa na dagaa hawaji kwenye taa. Porini sijui kitu. Na mwanangu wa kiume ana miaka 11. Kila siku yuko kwenye simu, na mimi sina ziwa la kumpeleka nimfundishe kama nilivyofundishwa. Nimeanza kufikiri labda msitu utakuwa ziwa letu la huku.

Maswali yangu:

Nina grini kadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, si raia bado. Je, naruhusiwa kuwinda na kumiliki bunduki, au najiletea matatizo kwenye uraia wangu?

Ninunue bunduki gani? Dukani walinionyesha nyingi, nikatoka kichwa kinazunguka.

Na mtu asiye na baba wala mjomba wa kumwongoza anajifunzaje? Video nimetazama nyingi, ila naona kila mmoja anauza kitu.

Naomba mnijibu kama ndugu. Siko hapa kujaribu mchezo.


MzeeWaMialoni

Wa alaykum salaam mdogo wangu. Mimi ni Mtanzania pia, wa Tabora, nina miaka 58. Nilianza kuwinda jimbo hili mwaka 2011 nikiwa na umri kama wako, na mimi pia sikuwa na mtu. Nitakujibu kirefu kwa sababu wakati ule nilimtafuta wa kunijibu sikumpata.

Kwanza karatasi, maana hapo ndipo mhamiaji anapoumia. Mwenye grini kadi anaruhusiwa kuwinda na kununua bunduki kihalali. Mkimbizi aliyepokelewa rasmi pia. Mwenye viza ya masomo au ya matembezi hali yake ni nyingine kabisa, huyo aanzie kwa mwanasheria wa uhamiaji. Dukani utajaza fomu ya shirikisho namba 4473 na watakuchunguza. Jaza ukweli mtupu. Mambo mawili yamewaangusha watu wetu. La kwanza ni bangi: hata kama daktari wa jimbo amekupa kibali, sheria ya shirikisho inasema mtumiaji hamiliki bunduki. La pili ni kumnunulia mwenzako ambaye yeye mwenyewe hawezi kupita uchunguzi. Usifanye hivyo hata kwa ndugu wa tumbo moja. Kosa la bunduki linaweza kumfukuzisha nchini mtu asiye raia, na hakuna nyama yenye thamani hiyo.

Nikueleze na historia kidogo. Mwaka 1909 jimbo hili hili la Pennsylvania lilitunga sheria kwamba mgeni ambaye hajawa raia haruhusiwi kuua mnyama wa porini, wala kumiliki bunduki ya rifle au ya marisau, ile inayorusha vigololi vingi vidogo kwa pamoja. Mtu mmoja aliyeitwa Patsone alipinga, kesi ikafika Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1914 majaji wakaiacha sheria isimame. Leo haipo. Lakini kila Julai ninapokata leseni mpya nawakumbuka wale wageni wa wakati ule, na leseni yangu naitunza vizuri.

Sasa njia yenyewe. Nisikilize kwa makini: bunduki inunue mwisho. Najua hilo ndilo swali lako kubwa, na ndilo lilikuwa langu. Mimi nilianza kwa kununua, na gharama yake nitakusimulia hapa chini.

Anza na kozi, ile wanayoiita Hunter-Trapper Education. Mtu anayekata leseni kwa mara ya kwanza lazima awe nayo, hata akiwa na mvi. Iko ya mtandaoni, lakini wewe nenda darasani. Ni ya siku moja na ni ya bure. Walimu ni wawindaji wanaojitolea, na hao ndio wajomba unaowatafuta. Kaa mbele, uliza, baada ya somo usikimbilie gari. Mimi rafiki yangu wa kwanza wa porini nilimpata kwenye foleni ya kahawa ya darasa hilo. Vilevile kuna kibali cha mwanafunzi mtu mzima, ambacho unawinda kabla ya kozi mradi mwindaji mwenye leseni yuko karibu yako. Huyo mzee wa mashine yenu, umemwuliza kama atakuchukua? Mtu anayekuletea paja zima na kukuuliza kwanza kuhusu dini yako, huyo amekwishakufungulia mlango.

Baada ya kozi, kata leseni. Ya mkazi ni dola 20 na ushee. Ndani yake una kulungu mmoja dume, bata mzinga, na wanyama wadogo kama kindi na sungura. Kibali cha kulungu jike kinaombwa peke yake, kwa eneo, na huisha haraka, kwa hiyo ulizia mapema wakati wa kiangazi.

Kisha tembea. Wewe uko Erie, una bahati. Mwendo wa saa moja na nusu hivi unaingia Allegheny National Forest, msitu wa serikali tangu 1923, zaidi ya ekari 500,000, na huhitaji kumwomba mtu ruhusa. Mbali na hapo jimbo lina mapori yake, State Game Lands, jumla ya ekari kama milioni 1.5. Nenda Agosti, nenda Septemba, bila bunduki. Tafuta miti ya mialoni (oak) inayodondosha mbegu, kulungu anazipenda kama mbuzi anavyopenda maganda ya mihogo. Tafuta mti mwembamba uliochubuliwa gome kimo cha goti hadi kiuno, hapo dume amesugua pembe. Tafuta kinyesi kibichi, njia nyembamba iliyokanyagwa, mahali pa kuvukia kijito. Wewe ni mtoto wa mvuvi, unajua kusoma maji. Hapa maji yako ni upepo. Kulungu atakusamehe ukionekana kidogo, atakusamehe hata kelele moja, lakini akikunusa ameondoka. Kaa siku zote upepo ukikupiga usoni kutoka kule unakomtegemea.

Msimu wa kwanza winda kindi. Unaanza Septemba, hali ya hewa nzuri, na mtoto unaweza kukaa naye. Kindi atakufundisha kukaa kimya, kutembea hatua tatu na kusimama, na kutofyatua mpaka uone vizuri. Kwa hiyo bunduki yako ya kwanza iwe ya marisau, geji 20, iliyotumika lakini nzima. Ukifika wakati wa kulungu, rifle ya boliti, ile unayoipakia risasi kwa kuvuta mkono kila mara, ya saizi ya risasi .243 au .308, inakutosha maisha yako yote. Usinunue ya kujijaza yenyewe, hapa hairuhusiwi kwa kulungu. Pesa itakayobaki nunua risasi, uende uwanja wa shabaha mpaka yadi 100 uweze kuweka tano ndani ya sahani ya chai ukiwa umekaa. Usipoweza, huna haki ya kumlenga mnyama aliye hai.

Sheria nyingine utazisoma kwenye kijitabu, ila hizi ziweke kichwani. Msimu mkuu wa rifle hufunguliwa Jumamosi inayofuata sikukuu ya Shukrani (Thanksgiving), mwishoni mwa Novemba. Rangi ya chungwa inayong'aa, inchi za mraba 250, kichwani, kifuani na mgongoni. Usifyatue ndani ya yadi 150 za nyumba ya watu. Bunduki yenye risasi haiingii garini. Hakuna kumwekea kulungu chambo, hakuna kummulika taa usiku na kumpiga, hakuna mbwa wa kumfukuza, hakuna mtego wala wavu. Nayataja kwa sababu kwetu tumekua tukiona babu zetu wakienda na mbwa na nyavu, na mtu anaweza kudhani ni jambo dogo. Mti au nguzo ikiwa na mstari wa rangi ya zambarau, hiyo ni ardhi ya mtu na amekukataza kuingia. Na dume lazima pembe ziwe na matawi 3 upande mmoja. Sheria hiyo ilianza 2002, na namna ya kuhesabu hutofautiana kwa eneo, kwa hiyo angalia ramani yako kabla ya kutoka. Ukipanda ulingo juu ya mti, vaa mkanda wa usalama tangu mguu unapoiacha ardhi. Wawindaji wengi huumizwa na kuanguka.

Sasa lile nililoahidi. Msimu wangu wa pili nilikuwa na rifle mpya, darubini nzuri, nguo za bei, na sikuwa na subira hata chembe. Jioni, jua limeshazama, akatokea jike umbali wa yadi kama 140. Nilikuwa nimesimama, nimeegemea mti, mikono inatetemeka kwa baridi. Nikafyatua. Akajikunja mgongo, kama mtu aliyeshikwa na tumbo, akaingia vichakani. Sikujua kwamba kujikunja kule ni alama ya risasi iliyopita matumboni. Sikujua kwamba mnyama wa hivyo hulala karibu, na ukimwacha saa nyingi utamkuta palepale. Mimi nilimfuata baada ya dakika tano. Nikamwamsha. Nikasikia tu matawi yakivunjika. Damu ilikuwa nyeusi, ina majani yaliyotafunwa, matone machache, kisha hakuna. Usiku ukaanguka theluji. Nilitafuta mpaka saa sita usiku kwa tochi, na kesho yake kutwa. Siku ya tatu kunguru walinionyesha alipo. Alikuwa ameharibika. Nilikaa chini kando yake kwa muda mrefu. Msimu ule sikurudi tena, na mwaka uliofuata nilitembea porini bila bunduki kabisa.

Kwa hiyo nakwambia kwa moyo wote: lenga nyuma ya bega, mnyama akiwa amekupa ubavu, pale penye mapafu na moyo. Ukiona hakukupa ubavu, mwache apite. Ukishafyatua, kaa nusu saa hata kama umemwona akianguka. Damu nyekundu yenye povu ni mapafu, hatakuwa mbali. Damu nyeusi yenye harufu, kaa saa sita, hata nane, au mtafute mwenye mbwa wa kufuata damu kwa kamba, hao sasa wanaruhusiwa. Kwenye miaka hii yote kulungu niliowaacha wapite ni wengi kuliko niliowapiga, na wale ndio ninaowakumbuka kwa furaha.


Mama_Furaha_Uvira

Ndugu BabaSalma, karibu. Mzee amesema ya msituni, mimi nitasema ya jikoni. Mume wangu anawinda, nyama yote inapita mikononi mwangu.

Ugumu wa nyama hii na ile harufu wanayoilalamikia watu mara nyingi havitoki kwa mnyama, vinatoka kwa mtu aliyechelewa. Akishaanguka tu, mumeo... nisamehe, wewe mwenyewe, lazima umfungue palepale msituni. Kisu kidogo chenye makali, makali yakitazama juu, usitoboe utumbo wala kibofu. Toa kila kitu mpaka koromeo, umgeuze damu itoke, na ufungue kifua kwa kijiti hewa iingie. Siku ikiwa ya joto ya Oktoba, tia mifuko ya barafu ndani. Nyama ifike digrii 4 upesi, na ikae hapo siku kadhaa kabla ya kukatakata. Mara ya kwanza tulimfunga kulungu mzima juu ya gari, jua likampiga kwa muda wa saa nne, tukatupa nusu. Nililia.

Mafuta yake yaondoe yote, na ule utando mweupe. Mafuta ya kulungu yanaganda mdomoni kama mshumaa. Nyama ikibaki safi unapika unavyotaka. Mimi paja nalikata vipande, nachemsha na tangawizi na kitunguu saumu, halafu mchuzi wa nyanya na bugali. Shingo napika saa nyingi na sombe (kisamvu), watoto wanaimaliza. Mbavu mume wangu anakausha kwa moshi kama kule kwetu.

Jambo la ugonjwa: kulungu wa jimbo hili wana ule ugonjwa wa kukonda unaoharibu ubongo, ulionekana hapa mara ya kwanza 2012. Haujajulikana kumwambukiza mtu, lakini wataalamu wa afya wanasema nyama ya mnyama aliyepimwa na kukutwa nao isiliwe. Kuna maeneo yaliyotengwa ambako unaacha kichwa kwenye sanduku maalumu, wanapima bure. Sisi tunapima, tunasubiri jibu, ndiyo tunakula. Ubongo na uti wa mgongo hatuugusi. Najua kwetu kichwa ni cha baba mkwe. Huku mpe paja.

Na tafadhali, usiuze. Ukirudi na kulungu utapigiwa simu na watu kumi wa jumuiya, niuzie kilo mbili, niuzie mguu. Kuuza nyama ya porini hapa ni kosa. Mpe mtu bure au mwambie hapana.

Kupe pia. Wadogo kama mbegu ya ufuta, wanaleta ugonjwa wa Lyme, na Pennsylvania inao sana. Mkirudi nyumbani wewe na mtoto mvue nguo zote, mkaguane, hasa kwapani na nyuma ya magoti.


BabaSalma_Erie

Shikamoo mzee. Na shukrani kubwa dada. Nimesoma mara mbili, ya pili nimemsomea mke wangu. Ile habari ya kunguru ilimfanya anyamaze, kisha akasema huyo mtu unaweza kumwamini.

Yeye ana hofu moja, nami ninayo moja. Ya kwake ni bunduki kuwa ndani ya nyumba yenye watoto watatu. Ya kwangu ni halali. Nikimpiga kwa risasi akafa kabla sijamfikia na kisu, nyama hiyo nailishaje familia yangu?


MzeeWaMialoni

Marahaba mdogo wangu.

Hofu ya mama ni sahihi na asiiache. Nunua sanduku la chuma kabla ya bunduki, si baada. Risasi zikae chumba kingine kwenye sanduku lake lenye kufuli lake. Ufunguo unao wewe, mtoto hajui ulipo. Kisha huyo wa miaka 11 mpeleke kozi pamoja nawe, umri wake unaruhusu. Mtoto aliyefundishwa kwamba kila bunduki ichukuliwe kama ina risasi, kwamba mdomo wake haumwelekei mtu kamwe na kidole hakigusi kifyatulio mpaka umeamua, huyo hana hamu ya kuichokonoa.

Kuhusu halali, mimi si shekhe, nitakwambia nilivyofundishwa na ninavyofanya. Uwindaji una hukumu yake ndani ya dini, Suratul Maida aya ya 4 inautaja. Na katika hadithi za Adiy bin Hatim, Mtume, rehema na amani zimshukie, alieleza kwamba mshale ukimchoma mnyama kwa ncha yake mle, ukimpiga kwa ubapa akafa kwa kishindo msimle. Wanazuoni wengi wa zama hizi wanaipa risasi ya rifle hukumu ya ncha kwa sababu inatoboa na kutoa damu, ingawa wako waliosita. Marisau yana maneno zaidi. Mimi husema Bismillahi Allahu Akbar kidole kinapoingia kwenye kifyatulio, kila mara, hata kwa kindi. Nikimkuta bado ana uhai, namchinja kwa kisu kama mbuzi. Nikimkuta ndani ya maji amekufa, simli, maana sijui kilichomuua ni risasi au maji. Peleka swali hili kwa imamu wako uso kwa uso, na mweleze hasa namna risasi inavyofanya kazi, maana wengi hawajaiona.

Unafanya zamu ya usiku, kwa hiyo jambo moja litakufaa. Zamani Jumapili kuwinda kulikatazwa hapa. Sheria ya 2019 ilifungua Jumapili 3, na ya 2025 imefungua mlango zaidi. Kwa mtu mwenye ratiba yako hizo siku ni dhahabu.

Mimi niko upande wa Warren. Nitumie ujumbe wa faragha. Wiki ya tatu ya Agosti ninakwenda kuangalia mialoni yangu, mwaka huu nadhani itazaa sana upande wa mashariki wa kijito. Uswali alfajiri kwako, kisha uje na mtoto. Buti, maji ya kutosha, suruali iliyochomekwa ndani ya soksi kwa ajili ya kupe, na daftari. Bunduki hatutabeba.


BabaSalma_Erie

Tutakuja mzee. Nimemwambia kijana sasa hivi, ameuliza kama msituni simu inashika. Nikamwambia sijui. Amekwenda kutafuta daftari.